Mama Pacha, hiyo dawa iache dukani kwanza

Ipagala, Dodoma
Jumapili jioni, Novemba

Mama Pacha shoga yangu, mbukwenyi!

Za Kongwa na upepo wake? Pacha hawajambo, bado wanakula udongo? Huku tupo tu mwenzangu, joto la Novemba unalijua, saa sita bati linalia tak tak kama linataka kuruka, mawingu yanajikusanya yanatutania halafu yanaondoka zao. Meseji yako nimeiona, ile ya kusema nyanya zimekushinda, majani mengine yamejikunja mengine yana michirizi, na kesho unaenda dukani kuchukua dawa kali kuliko zote. Nikataka kukupigia nikasema hapana, huyu kwa simu atanikatisha, ngoja nimwandikie barua ndefu asome akiwa amekaa.

Dawa usinunue kwanza. Nakuomba. Nikueleze kwa nini, ukitaka kunicheka ucheke.

Mwaka jana miezi kama hii nilikuwa na mashina 22 ya nyanya pale nyuma ya jiko, unapajua, zimebeba mpaka jirani anachungulia juu ya ukuta. Zikaanza kuiva, tunda kwa juu zuri, nikiligeuza naona kitako cheusi kimebonyea kama kimechomwa na pasi. Nikasema huu ugonjwa. Nikaenda duka la pembejeo nikaeleza, yule kijana hata swali hakuniuliza akanipa kichupa nikapuliza. Wiki ya pili vitako vilevile, nikarudi, akanipa kingine cha bei zaidi, nikapuliza tena na upepo ukapeleka kwenye mchicha wa pembeni, ikabidi tuhesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, tunanunua mboga soko la Majengo wakati ya kwetu imesimama pale inatutazama. Basi yule bibi wa nyumba ya tatu, Mgogo yule anayeanika mlenda kwenye ungo, akapita kuomba chumvi, akaziangalia akauliza swali moja tu, "Mjukuu wangu, hizi unamwagilia lini?" Nikamwambia bibi maji yenyewe ya mgao, yakija namwaga ndoo mpaka zinaelea, yasipokuja siku nne tano zinakaa hivyohivyo. Akasema, "Basi si hiyo." Akachukua chumvi yake akaenda.

Kumbe sio ugonjwa wala mdudu shoga, ni kuoza kitako tu. Tunda linakosa kalisiamu, na udongo unaweza kuwa nayo tele lakini inapanda na maji, sasa leo mafuriko kesho jangwa itapandaje? Nilipuliza sumu mara mbili kwenye kitu ambacho hakina mdudu. Hela ya vichupa viwili ningenunua madumu ya kuhifadhia maji na chenji ikabaki.

Tatizo lako wewe ni Tukuyu. Usinune, nasema kweli. Umekulia sehemu ambayo ukitema mbegu inaota, mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mmezoea kuinua matuta juu ili maji yatoke. Huku tunapata 550 mpaka 600 hivi mwaka mzima, na zote zinakuja Desemba mpaka Aprili, ukiinua tuta umeliinulia jua na upepo. Lishushe. Mimi nilichimba chini kama kina cha kiganja na vidole vyake, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu, kingo nikaziacha juu, yaani bustani inakuwa kama sinia la pilau, maji ukimwaga hayana pa kwenda. Halafu chupa za maji za lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina, jaza jioni. Inadondosha taratibu na mdogo wangu alicheka sana kuona bustani imejaa chupa, sasa hivi na yeye anaokota chupa barabarani. Maji ya kuosha mchele na mboga nayapeleka huko yote. Ya kufulia hapana, ile sabuni ya unga inaharibu udongo.

Matandazo weka ila mimi yalinitokea puani. Nilijaza mabua ya mahindi makavu, manene, nikajiona mtaalamu, mchwa wakaona wamealikwa harusini, walipomaliza mabua wakahamia kwenye hoho, unakuta mche umesimama ukiugusa unalala. Sasa naweka majani membamba kidogo kidogo, hayagusi shina, na nayafunua kila siku mbili tatu kuangalia chini kuna nani.

Haya tuje kwenye michirizi yako. Kesho alfajiri kabla hata hujapiga mswaki nenda ukageuze majani. Upande wa chini. Wote tunaangalia jani kwa juu kama tunaangalia nguo dirishani, na wenyewe wanaishi chini. Kama michirizi ni myembamba inazungukazunguka kama mtoto kachora na kalamu, huyo ni funza wa inzi mdogo, anaudhi lakini mara nyingi mmea unaishi naye, toa majani yaliyozidi basi. Ila kama ni baka pana, jani limekwanguliwa nyama ya katikati likabaki ngozi mbili ukiinua juani unaona kwa ndani kiwavi na uchafu wake, na kwenye tunda kuna vitobo karibu na kikonyo, pole shoga, huyo ni kantangaze, mtoto wa nondo mdogo. Alitokea Amerika ya Kusini, huku kwetu kaonekana 2014, jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya 200 na kwa joto hili haumalizi mwezi watoto nao wanataga. Na hiyo dawa kali unayoitaka, yeye amejifungia ndani ya jani inamfikiaje? Halafu nyingi keshazizoea.

Nilichofanya mimi ni kazi ya kuchosha sikufichi. Kila asubuhi nachuma majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa, naweka kwenye mfuko mweusi, nafunga, naacha juani wanapikika humo humo. Usiyatupe kwenye shimo la mboji, utakuwa umewahamisha tu nyumba. Kuna na mtego wa kile kichocheo chenye harufu ya jike, unaning'iniza juu ya beseni la maji yenye sabuni, madume yanakuja kutafuta mchumba yanazama. Asubuhi ya kwanza nilihesabu nikaacha. Lakini ule unakamata madume tu, unakupa habari kwamba wapo na wangapi, usitegemee peke yake. Na ukishang'oa hizo nyanya usipande ngogwe wala mnavu wala viazi mviringo hapo hapo, ni ndugu wa nyanya wote hao.

Majani kujikunja ni habari nyingine. Kama yanajikunja kwenda juu mchana halafu rangi ni ya kijani kawaida, mmea unajikinga jua, mwache. Ila kama machipukizi ya juu yamedumaa, madogo, kingo za njano, ukitikisa wanaruka vijidudu vyeupe kama unga, hao inzi weupe wameshaleta virusi, shina hilo halina tiba. Ling'oe lote na usilionee huruma. Mimi nililionea moja, likaambukiza mengine sita.

Kwa vidukari na hao inzi weupe mwarobaini unatosha na Kongwa si mmejaa miarobaini? Chuma majani kilo moja, twanga, loweka kwenye lita 5 za maji mpaka kesho yake, chuja na kitambaa, tia sabuni ya maji kijiko kimoja tu ili ishike. Kimoja, nilishawahi kutia kikombe nikaunguza sukuma wiki zote. Puliza jua likishazama kwa sababu jua linaua nguvu yake, na nyuki wakati huo wamelala. Usitegemee asubuhi ukute maiti, haiui papo kwa papo, wanakosa hamu ya kula na wadogo wanashindwa kujivua ngozi, ndo maana watu wanapuliza mara moja wanasema haifanyi kazi. Rudia kila wiki. Na vumbi la huko kwenu lioshe, maji kidogo chini ya majani, maana utitiri mwekundu unapenda vumbi na ukavu kuliko kitu chochote.

Halafu nikwambie kitu ambacho sikutaka kukubali. Mwaka huu nyanya sijapanda. Joto likipita nyuzi 32 maua yanadondoka tu hata yasipoguswa na mdudu hata mmoja, na mimi nimechoka kubembeleza. Nilienda kwa yule bibi kuangalia yeye kapanda nini Oktoba, nikakuta bamia, kunde za kula majani, na mlenda ambao wala hakuupanda, umejiotea kwenye maji ya kuogea, na hana chupa ya dawa hata moja hapo uani, ana kuku wawili na kopo. Nikarudi nikafanya hivyo hivyo, nyanya nitasia mwishoni mwa Februari nihamishe joto likipungua. Kunde zangu zimepata vidukari wiki iliyopita kwenye ncha, nikazikata ncha tukazipika, sio vidukari bwana, nilizioshaosha. Baba watoto hakujua.

Mbuzi wa jirani mpya nao ni kesi nyingine, juzi kapita katikati ya matembele kama anakagua shamba la baba yake. Ntakuhadithia.

Sasa fanya hivi, geuza jani, piga picha upande wa chini, nitumie kabla hujatoka kwenda huko dukani. Jumatano nampa konda wa basi la Kongwa mfuko, ndani nimekuwekea mbegu za bamia nimezikausha mwenyewe na kifungu cha mlenda mkavu, wa bibi huo, kasema umpe mwenye nyanya. Mfuko unaovuja usiogope, ni samadi.

Wasalimie pacha, waambie shangazi yao anakuja Krismasi na hataki kukuta mtu ana udongo mdomoni.

Mimi shoga yako wa Ipagala