Tuulizeni pia ni nani anatuhudumia vizuri

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu sijawahi kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya semina ya kuboresha utumishi wa umma hapa Lamu imenikera. Siku tatu watu wazima wanaorodhesha uzembe, rushwa, mafaili kupotea. Hayo tunayajua tangu kabla ya ugatuzi, yaani serikali za kaunti, kuanza 2013. Mbona hakuna aliyeuliza ni kipi kinakwenda sawa na nani anakifanya?

Mwaka jana nilifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu kwenye ofisi moja ya serikali, mara mbili narudi mikono mitupu, na mimi natoka Faza, kisiwa cha Pate, boti zetu zinangoja maji yajae, ukichelewa umelala mjini Amu (Lamu) kwa watu. Mara ya tatu nikamkuta binti mmoja dirishani ana daftari la shule, kaandika jina la kila mtu, simu na kijiji, waliokwishapata kawatia tiki nyekundu. Akaniambia mwalimu, usije tena mpaka nikupigie. Siku ya tisa akapiga, cheti tayari, na kabla ya yote akauliza kesho maji yanajaa saa ngapi huko kwenu! Hakuna aliyemtuma, daftari kanunua mwenyewe. Baada ya mwezi kahamishwa, daftari likaondoka naye, na sahi watu wa vijiji jirani vya Siyu na Kizingitini wanarudi tena bure, na kwenye semina ile yule binti hakutajwa hata kidogo.



Kuanza na kinachokwenda sawa si ndoto yangu. David Cooperrider na Suresh Srivastva wa chuo cha Case Western Reserve kule Cleveland, Marekani, waliandika tangu 1987 kwamba ukitaka kurekebisha taasisi anza kuchimba pale inapofanya vizuri, kisha watu wenyewe wapange jinsi ya kuyazidisha hayo mazuri. Mimi nimesomesha hesabu, mtoto akipata moja kati ya kumi namuuliza hiyo moja ameipataje, ndo tunaanzia hapo.

Kabla ya semina nyingine, maofisa wakakae kwenye mabenchi yetu Jumanne tatu, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na daftari la kurasa 96, wamuulize kila mtu: nani aliwahi kukuhudumia vizuri hapa, alifanyaje? Na yule binti arudishwe japo wiki moja awafundishe wenzake.

Mwalimu mstaafu,
Faza, Lamu