Kazi kwanza, bahari baadaye: barua kwa Akinyi

Nakuru,
Jumapili jioni.

Kwako rafiki yangu mpendwa Akinyi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Nakuru, ambako tu wazima. Barua yako imenifurahisha mno. Kwamba umeombwa ufundishe ufumaji wa mazulia kwa kulabu, yaani kuvuta tepe za kitambaa kupitia gunia ziwe vitanzi, katika warsha ya Watamu mwezi wa Agosti, na kwamba ungependa kuandamana na Baba Otieno na watoto ili nao waione bahari, ni habari ambayo nimekuwa nikiiombea. Umeniuliza kama kazi na likizo vinaweza kukaa katika safari moja. Vinaweza, ila kila kimoja kipewe siku zake, na kazi itangulie.

Nalisisitiza hilo kwa sababu nimeyaona mambo ya pwani kwa macho yangu. Katika darasa la zulia kila mwanafunzi huwa na mchoro wake, rangi zake na kasi yake, na yale maswali ambayo mtu aliona haya kuyauliza mbele ya wenzake huyaleta jioni, wakati ambapo wewe ungetamani kuwa ufukweni na wanao. Ukienda ufukweni, mwanafunzi hukukosa. Ukibaki, watoto hukaa wakikungoja na viatu mkononi. Kwa hiyo mwombe Baba Otieno alete watoto siku ambayo darasa linafungwa, kisha mhamie nyumba nyingine ya wageni, hata kama ni ya kawaida zaidi, ili asiwepo mtu wa kukugongea mlango akiwa na zulia lililopinda.

Kuhusu malipo, tafadhali usilegee. Waandalizi hupenda kuhesabu chumba kinachotazama bahari kuwa ndio ujira wa mwalimu, na wengine husema hivyo kwa nia njema kabisa, lakini chumba hakilipi karo ya Januari. Omba uandikiwe ada ya kufundisha, nauli, na gharama za vifaa, kila moja kivyake, kabla hujanunua hata uzi mmoja.

Vifaa ndivyo vitakavyokupa kazi kubwa, na hapo Kisumu una bahati ambayo mimi sina. Pale soko la Kibuye, makoti mazito ya sufu yanayofika katika mitumba hayapiganiwi kwa sababu ya joto, nawe utayapata kwa bei nafuu kuliko huku kwetu ambako baridi ya asubuhi huyapandisha bei. Usiamini lebo peke yake. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, uziwashe kwa kiberiti: sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka kati ya vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuwa kitone kigumu cheusi. Ukishachagua, fumua mishono, ondoa bitana na vifungo, kisha fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni mpaka nyuzi zishikane, maana sufu isiyofuliwa hivyo hufumuka mara tu ikikatwa tepe. Wanaoanza wakatie tepe za upana wa milimita 6 hivi. Zile za milimita 2 au 3 ni za mikono iliyokwisha kuzoea. Kadiria kitambaa cha kutosha kufunika zulia mara nne au tano, kwa kuwa vitanzi hula sufu kuliko mtu anavyodhani. Gunia nalo liwe la juti, lenye nyuzi zilizopangika sawasawa, kama yale ya kahawa. Haya ya nailoni tunayotilia mahindi siku hizi hayafai kabisa.

Utawafundisha nini siku ya kwanza? Mimi ningeanza na asili ya ufundi wenyewe, kwa sababu ni ufundi wa watu wa pwani, na wanafunzi wa Watamu wataupenda wakilijua hilo. Ulikua katika karne ya 19 kwenye mwambao wa Atlantiki, huko Maine nchini Marekani na katika majimbo ya mashariki ya Kanada, baada ya magunia ya juti kuanza kufika na shehena za melini. Wake za wavuvi waliyafungua magunia matupu, wakayawamba kwenye fremu, na wakayajaza vitanzi vya nguo kuukuu wakati wa majira ya baridi, ambapo mashua zilikuwa zimepandishwa nchi kavu. Katika Newfoundland na Labrador, misheni ya daktari Mwingereza aliyeitwa Wilfred Grenfell iliugeuza ufundi huo kuwa njia ya kujipatia fedha; Jessie Luther, fundi kutoka Marekani, alifika huko mwaka wa 1906 kusaidia kazi za mikono, na baadaye hata soksi ndefu za hariri zilizochakaa zilikusanywa, zikatiwa rangi na kufumwa kuwa picha za barafu, mbwa wa kuvuta sleji, na mashua. Wanawake hao walichora yale waliyoyaona mlangoni pao, na hilo ndilo ningependa darasa lako lilishike kuliko kitu kingine chochote.

Kwa ajili hiyo, kabla mtu hajagusa kulabu, wapeleke Gedi, ambayo ni karibu sana na Watamu. Mji ule wa kale wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuachwa katika karne ya 17, uliingizwa mwaka wa 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399, na ipo milango ya jumba la mfalme yenye matao yaliyochongoka juu. Tao moja la namna hiyo, lililochorwa kwa makaa juu ya gunia, latosha kuwa somo la siku tatu: mwanafunzi atafuma kwanza mstari wa nje, kisha sehemu ya ndani ya tao, na mwisho mandhari ya nyuma. Watazame mikono. Mkono wa juu hushika kulabu, wa chini huilisha tepe, na kitanzi kinyanyuke kwa kimo kinacholingana na upana wa tepe. Mwenye bidii kupita kiasi atataka kujaza kila tundu la gunia, na zulia lake litajikunja kama jani kavu. Mwonyeshe kuruka matundu mapema, kabla hajafika mbali. Pia paka mafuta mikasi na kulabu kila jioni, kwa maana hewa ya chumvi huzitia kutu upesi.

Kuhusu likizo yenyewe nina machache. Agosti ni msimu wa kusi, upepo ni mkali na mwani hutupwa ufukweni, hivyo msitarajie ile bahari tulivu ya kaskazi. Lakini joto huwa la kustahimilika, na mikoko ya hori ya Mida, hapo karibu na Watamu, itawafurahisha watoto. Waeleze kwamba bahari si kama ziwa lenu: maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 siku hadi siku, kwa hiyo waulize wenyeji kabla ya kuwaruhusu kutembea kwenye miamba. Kutoka Nairobi pandeni treni ya SGR hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi, mshuke Gede, kijiji kilicho karibu na magofu ya Gedi. Asubuhi kuleni mahamri na mbaazi.

Nina kulabu za akiba na fremu mbili nitakazokutumia kwa matatu ya Kisumu mara tu utakaponiandikia idadi ya wanafunzi wako na tarehe ya kuanza. Niandikie pia kile ambacho waandalizi watajibu kuhusu ada, kabla hujatia sahihi.

Ni mimi rafikiyo akupendaye,
Wanjiru