Nyumba za Mji Mkongwe zipigwe picha zikiwa wima

Ndugu Mhariri,

Kurasa za utalii za magazeti yetu, lako likiwemo, huchapisha picha nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar ambamo nyumba zinaonekana kulala nyuma, nguzo zikisogeleana kileleni. Kosa si la nyumba. Mpiga picha amesimama karibu mno, akainua simu ili paa liingie. Lenzi ikielekezwa juu, kilele cha jengo huonekana chembamba kuliko msingi wake.

Simu ibaki wima kabisa. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera, ulinganishe ukingo wa ukuta na mstari wa wima. Paa likikatika, rudi nyuma, au omba ruhusa upande ghorofa ya pili ya nyumba inayotazamana nalo. Vichochoroni hakuna pa kurudi, na hapo wengi hukimbilia lenzi pana ya 0.5. Hiyo huingiza kila kitu, lakini vilivyo pembeni huvutika na kupotoka. Afadhali utumie ya 1x, uache nafasi kila upande, kisha unyooshe kwenye programu ya kuhariri. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu kunyoosha hukata pembe za picha.

Kuhusu mwanga, mafunzo mengi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba hupita utosini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupata jua la adhuhuri katikati ya mwaka, na Desemba saa hizo hizo uko kivulini. Majumba ya Forodhani yanatazama baharini upande wa magharibi: asubuhi jua liko nyuma yake, kwa hiyo nenda alasiri, kuanzia saa 10.

Milango ya nakshi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Nakshi huonekana kwa vivuli vyake, na vivuli huletwa na mwanga wa ubavuni unaopita sambamba na mbao. Jua likiupiga mlango usoni, maua na minyororo iliyochongwa huwa bapa. Flashi izimwe, kwani hufuta kina na kuacha madoa meupe kwenye misumari ya shaba. Lenzi iwe katikati ya kimo cha mfaa, yaani nguzo ya katikati ya mlango, si kwenye kimo cha macho yako, ndipo sehemu ya juu na kizingiti cha chini vitoke kwa uwiano.

Kuta za chokaa nazo hudanganya kamera. Huzifanya za kijivu. Ukuta ukiwa kivulini, ongeza mwangaza kwenye kipimo cha kamera (EV) kwa theluthi mbili hadi moja kamili, yaani +0.7 hadi +1. Ukiwa juani, usiongeze kitu kabla ya kukagua, kwa sababu weupe ukishaungua hauokoleki.

Kinachonifanya niandike kwa uzito huu ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Picha ya machweo yenye mnara wa saa ni nzuri ukutani, lakini fundi wa ukarabati hawezi kupima kitu kwayo. Anahitaji kila upande wa jengo upigwe kwa kuukabili moja kwa moja, kisha kona, kisha nyufa, mabano ya roshani na nakshi kwa karibu, rula ikiwa imeegeshwa kando ili vipimo vijulikane. Mgeni mwenye simu nzuri anaweza kuifanya kazi hii kwa nyumba moja ndani ya saa moja, baada ya kupiga hodi kwa wenyewe.

Kwa wanaokutumia picha, ombi langu ni watume faili halisi. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na kumbukumbu za tarehe na mahali hupotea. Itumwe kama dokumenti. Kuchapa upana wa sentimita 20 kwa nukta 300 kwa inchi kunataka pikseli 2,360 hivi. Na chini ya kila picha ya jengo, Mhariri, tafadhali weka tarehe iliyopigwa, mtaa, na upande ambao ukuta unatazama.

Msomaji wako,
Zanzibar