Betri ya Aqua: usihesabu miaka peke yake

Kaka Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza kama ile Toyota Aqua unayoitaka ya teksi, gari la haibridi (linalotumia petroli na umeme pamoja), itakuua kwa gharama ya betri. Betri ya haibridi ya Toyota kwa kawaida hukaa miaka 10 hadi 15, lakini hesabu inaanza siku gari lilipotoka kiwandani, si siku unayokabidhiwa funguo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na wauzaji hupenda kuleta la miaka saba kwa sababu ndilo rahisi. Kwa hiyo gari likiteremshwa Kilindini, betri imeshakula karibu nusu ya umri wake.

Kilomita zisikutishe kama miaka. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Prius ya 2002, haibridi nyingine ya Toyota, iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 330,000 na betri yake ya asili. Ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa na wa Prius mpya waliyoipima miaka kumi nyuma. Gari linalotembea kila siku betri yake hudumu kuliko la bibi mmoja linaloenda kanisani Jumapili.

Sasa ujue unanunua nini. Betri ya Aqua hii ya umbo la kwanza ina moduli 20 za nikeli, kila moja ina seli sita za volti 1.2, jumla volti 144. Umeme wote uliomo haufiki yuniti moja ya tokeni! Kompyuta ya gari haiiachi ijae wala iishe: huizungusha takriban kati ya asilimia 40 na 80, na ndiyo siri ya kudumu kwake. Lakini moduli hizo zimefungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Seli moja ikichoka, inaisha mapema kuliko wenzake na wenzake wanaendelea kuisukumia mkondo mpaka inaharibika kabisa. Kwa hiyo swali la maana ni moja: moduli iliyo dhaifu kuliko zote ikoje?

Kinachoichosha zaidi ni joto. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya humo humo ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu karibu na kiti. Abiria wakiliziba kwa mabegi, au vumbi na nyuzi za zulia zikilijaza, betri inajipika. Moduli za katikati hutangulia kufa kwa sababu ndizo zinazopata joto zaidi. Fungua wavu huo kila huduma, na angalau mara moja kwa mwaka feni yenyewe itolewe isafishwe kwa brashi laini. Na ukiwa Mombasa mchana, washa AC. Betri inapenda hali ya hewa unayoipenda wewe.

Kabla hujalipa, nunua adapta ndogo ya OBD2 ya Bluetooth (huchomekwa kwenye gari ili simu isome kompyuta yake) na uweke programu ya Dr. Prius kwenye simu. Endesha dakika 20 ili betri ipate moto, kisha tafuta mlima. Mwenzako asome volti za kila kundi la moduli unapokanyaga mafuta. Gari likiwa limetulia, tofauti ya volti 0.2 au 0.3 haina neno. Likivuta, kundi moja likianguka kwa volti nzima kuliko wengine, ondoka. Ukimaliza, simama ukiwa na taa ya READY (inayoonyesha gari limewaka na liko tayari kwenda), AC juu kabisa, utazame mistari ya betri kwenye dashibodi. Ikishuka kutoka juu hadi miwili kwa dakika chache, halafu injini ikawaka na kuijaza upesi vilevile, uwezo umekwisha. Feni inayounguruma wakati wote nayo ni dalili. Uliza pia kama msimbo wa hitilafu P0A80, unaosema betri kubwa imechoka, umewahi kutokea, maana muuzaji mjanja huufuta asubuhi na unachukua safari kadhaa kurudi.

Ikifika siku ya kufa, fundi atakuambia abadilishe moduli moja tu kwa bei ya kutupa. Usikubali. Moduli ngeni ina uwezo tofauti na 19 zilizochoka, na baada ya miezi michache moduli nyingine iliyochoka nayo inafikiwa na zamu yake. Ama betri nzima mpya, ama zote 20 zipimwe moja moja na zipangwe zinazolingana. Moduli mpya ina uwezo wa Ah 6.5 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Moduli zikichajiwa nje, lazima zibanwe pande zote, la sivyo zinavimba. Vipande vya shaba vinavyoziunganisha visafishwe kutu yote ya kijani, na nati zikazwe Nm 5.4 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana ya kipimo. Wengi hukaza kwa nguvu ya mkono na kuvunja kichwa cha moduli.

Usiiguse wewe. Hata fundi lazima azime gari, atoe plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, asubiri dakika 10, na avae glavu za umeme za volti 1,000. Asiye nazo, mwambie kwaheri.

Kuna mambo madogo yanayowachanganya wengi. Taa zote zikiwaka pamoja na gari likagoma, anza na ile betri ndogo ya volti 12. Mara nyingi ndiyo mgonjwa, na bei yake haifanani hata kidogo na ya ile kubwa. Kwenye foleni usiweke gia ya N, kwa sababu gari halichaji likiwa N; acha D na ukanyage breki. Na ukisafiri mwezi mzima, mtu aliwashe kila wiki mbili, liwe READY nusu saa, likiwa P.

Ukishapima, nipigie picha ya skrini ya zile volti kabla hujatoa hata shilingi ya amana.

Wako,
Salim