Swala ya Alfajiri ya pamoja, Jumamosi hii

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Kama tulivyokubaliana, Jumamosi tutasali Alfajiri kwa jamaa katika msikiti wetu. Kumekuwa na badiliko moja: iqama (mwito wa kusimama kuanza swala) itakuwa dakika 25 baada ya adhana badala ya 15, kwa kuwa wenzetu wanaotoka ng'ambo ya barabara kuu walikuwa wakifika wakati imamu yuko rakaa ya pili, na rakaa mbili za sunna zinawapita, nazo ndizo Mtume (s.a.w.) alizosema ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Atakayekuta swala imeshakimiwa aingie moja kwa moja katika faradhi; sunna ataisali baadaye.

1. Tutie udhu nyumbani, kwani pampu ya tanki bado haijatengenezwa na maji yaliyopo ni ya ndoo mbili tu.
2. Baada ya nyiradi (dhikri za baada ya swala) kutakuwa na darsa fupi, kisha kahawa na mahamri. Mchango ni shilingi 2,000, akabidhiwe mweka hazina kabla ya Ijumaa magharibi.
3. Aliyeamka amwamshe jirani yake kwa kumpigia simu mara moja tu. Wiki iliyopita nilipigiwa na watu watatu kwa mpigo, nyumba nzima ikadhani kuna msiba.

Tafadhali kila mmoja athibitishe humu kwa kuandika "Nitafika" au "Nina udhuru" kabla ya Alhamisi isha, ili tujue idadi ya mahamri ya kuagiza.