Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2024: Daftari la Magari Tuliyokuwa Nayo

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawaletea taarifa ya shughuli za chama chetu cha Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani na kupenda magari ya zamani ya Kimarekani, kwa mwaka 2024. Naanza na jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia kwa simu, nalo ni kwamba tangu mwezi Machi mwenyekiti wenu hana gari. Dodge Dart ya mwaka 1972 niliyokuwa nikija nayo mikutanoni nimeiuza kwa kijana mmoja wa huku huku Michigan, kwa sababu usukani wake hauna msaada wa haidroli, na mabega yangu yamechoka kuuzungusha. Kifungu cha uanachama kinataka mwanachama awe mtu mwenye gari lililotengenezwa Marekani, lenye umri usiopungua miaka 25. Kwa kipimo hicho, taarifa hii inatolewa na mtu ambaye si mwanachama. Natangaza maslahi yangu mapema ili nitakapofika kwenye pendekezo la kurekebisha kifungu hicho, asitokee wa kusema kwamba nilimficha.

Tulipoanzisha chama tulikuwa watu tisa, na kila mmoja alikuwa na gari lake. Leo tuko 31, na magari yanayotembea ni matatu. Hesabu za fedha atazisoma mhazini mwenyewe. Mimi naongeza tu kwamba hatudaiwi na mtu. Mwezi Agosti, Jumamosi ya tatu kama ilivyo desturi, tulikwenda na magari hayo matatu kwenye msafara wa magari ya zamani wa barabara ya Woodward Avenue, hapa Michigan, ule unaofanyika kila mwaka tangu 1995 kati ya Ferndale na mji wa Pontiac. Magari yaliegeshwa, viti vikapangwa, chai ya tangawizi ikamiminwa, na kwa saa sita wanachama hawakuzungumzia hata moja kati ya yale matatu. Kila mmoja alikuwa akisimulia gari alilokuwa nalo zamani.

Jambo hilo halikunishangaza, kwa kuwa kamati ilikwisha kuliona tangu mwezi Februari, ilipoamua kufungua daftari la kumbukumbu. Katibu wetu, kwa uvumilivu ambao sijui aliutoa wapi, aliwapigia simu wanachama mmoja mmoja na kuwauliza mambo manne tu: gari lilikuwa lipi, lilinunuliwaje, liliishaje, na kama kuna karatasi au picha ya kuthibitisha. Hadi mwisho wa mwaka alikuwa ameandika masimulizi 22. Ndiyo kazi kubwa ya chama mwaka huu, na naomba ruhusa yenu niizungumzie kwa urefu.

Simulizi la kwanza kwenye daftari ni la mzee wetu aliyefika Marekani mwaka 1961 kwa ule mpango wa ndege za wanafunzi uliohangaikiwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, ambao ndege yake ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 mwezi Septemba 1959. Gari lake la kwanza lilikuwa Studebaker Lark ya mwaka 1959. Studebaker ilikuwa imeanza kwa kuunda mikokoteni ya farasi huko South Bend, Indiana, mwaka 1852, na mwezi Desemba 1963 kiwanda hicho cha South Bend kikasimamisha utengenezaji wa magari. Kazi ikahamia Hamilton, Kanada, nako ikakoma mwezi Machi 1966. Mzee anasema mwenye gari alimuuzia kwa bei ya kutupa wiki chache tu baada ya tangazo la Desemba, akihofia kwamba spea zitakosekana. Mzee hakuwa na hofu hiyo, kwani alikotoka gari lilitengenezwa kwa kile kilichopatikana, na kilichokosekana kilichongwa. Aliliendesha miaka mitano.

Masimulizi mengi yaliyobaki ni ya miaka ya 1970, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ya kukaa kwenye kiti hiki. Vikwazo vya mafuta vya Waarabu vilianza Oktoba 1973 na kuondolewa Machi 1974, na katika kipindi hicho pipa la mafuta lilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Mwezi Januari 1974 serikali ikashusha mwendo wa juu kwenye barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Wenyeji waliokuwa na magari marefu yenye injini za silinda nane wakaanza kuyakimbia kama mtu anavyomkimbia mgeni anayekula sana. Wakati huo huo wanafunzi kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura walikuwa wakishuka kwenye ndege na dola chache mfukoni, na gari la bei nafuu kuliko yote kwenye uwanja wa muuzaji lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote. Kumbe sisi hatukuchagua Impala, Galaxie na Electra kwa ajili ya urembo wake. Tulichukua kile kilichoshushwa bei na hofu ya watu wengine, kama mzee alivyochukua Lark yake miaka kumi kabla, na mapenzi yakaja baadaye. Tulichokiokoa kwenye bei tulikitoa tena kwenye pampu, lakini kidogo kidogo, namna mtu maskini anavyoweza kutoa.

Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kugusa gari la Kimarekani. Nyumbani tuliyazoea Peugeot 404, Land Rover na Volkswagen ya kobe, usukani ukiwa upande wa kulia kwa kuwa, isipokuwa wenzetu wa Burundi, tunaendesha kushoto, na gari lililounganishwa Detroit kwa barabara za Detroit lilikuwa nadra. Karibu kila simulizi lina habari ya mkono wa kushoto uliokuwa ukitafuta gia na kugonga mlango. Kisha kuna kiti cha mbele, kile kirefu kama benchi, ambacho kilibeba watu watatu kwa halali na wanne siku ya harusi. Mwanachama mmoja wa Minnesota ameeleza kwa makini jinsi yeye na mkewe, walipokuwa wachumba, walivyokaa kwenye kiti hicho pamoja na shangazi wa bibi harusi katikati yao kwa muda wa maili 400. Shangazi alikuwa na gia ya usukani karibu na goti lake, na kila ilipobidi kurudisha gia ya pili alisema “samahani” kabla ya dereva kuisema yeye.

Simulizi langu mwenyewe limo pia. Mwaka 1979, huko Toledo, Ohio, nilinunua Dodge Dart ya mwaka 1968 yenye injini ya silinda sita zilizoinamishwa upande kwa nyuzi 30. Mafundi wa kampuni waliilaza hivyo ili boneti iwe fupi kwenda juu na mabomba ya kuingizia hewa yapate nafasi ya kuwa marefu, na kwa bahati njema wakaacha injini ngumu kupita kiasi. Nilisahau kuiwekea oili, niliichemsha, niliisukuma kwenye theluji, na haikuniacha njiani hata mara moja. Kilichoiua ni chumvi. Wanaoishi upande huu wanajua kwamba barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Maji hayo ya chumvi huingia kwenye mikunjo ya bodi, yakakaa humo, na bati likaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Kufikia mwaka 1986 sakafu ya nyuma ilikuwa na tundu, na kiatu cha mwanangu wa kwanza kilidondokea barabarani kupitia tundu hilo tukiwa kwenye mwendo. Mke wangu alitaka turudi kukitafuta. Tulikipata, kikiwa kizima, na wiki iliyofuata nikaliuza gari kwa mtu wa vyuma chakavu, injini yake ikiwa inanguruma vizuri kabisa.

Katibu amehesabu, naye ni mtu wa kuhesabu, akakuta kwamba kati ya magari 22 ya daftari, 13 yaliishia kwenye kutu, na mawili tu ndiyo yaliyoharibika injini. Moja lilipotelea kwenye gereji moja ambayo mwenye gari amesisitiza isitajwe, kwa sababu anasema kesi bado inamuuma.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta ubishi. Kamati iliweka sharti kwamba kila kinachoweza kuthibitishwa kithibitishwe, na baadhi yenu mmeliona sharti hilo kuwa ni utovu wa adabu kwa wazee. Naelewa, lakini naunga mkono sharti. Mwanachama mmoja alisimulia kwa dakika arobaini habari za Chevrolet Impala yake ya mwaka 1967 na injini yake ya V8, yaani ya silinda nane, jinsi ilivyokuwa ikipanda milima ya Pennsylvania bila kushusha gia. Baadaye akatuma picha ya hati ya umiliki, na namba ya bodi ilianza na 163. Kwa Impala za miaka hiyo, 163 ni silinda sita. V8 ingesomeka 164. Tulimpigia simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba milima yenyewe pengine haikuwa mirefu sana. Simulizi limeandikwa kama alivyolitoa, na namba imeandikwa chini yake.

Vivyo hivyo kwa ndugu yetu ambaye, akiwa mtoto wa miaka saba, alisimama kando ya barabara yenye matope siku ya mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1964, akaona Mercury Comet ikipita mbele ya magari mengine yote. Anasema ndiyo iliyoshinda, na kwamba siku ile ndipo alipoapa kumiliki gari la Kimarekani, kiapo alichokitimiza miaka kumi na mitano baadaye kwa Comet iliyokuwa na mlango wa rangi nyingine. Ukweli ni kwamba Comet sita zilitumwa kwenye mbio hizo, mbili tu ndizo zilizomaliza, na zote mbili zilikuwa mbali nyuma ya mshindi, ambaye alikuwa kwenye Ford Cortina kutoka Uingereza. Hata hivyo hakuna kinachomzuia mtoto kuona gari likipita mbele ya mengine kwenye kona moja, na kona ile ndiyo aliyoiona yeye. Yote mawili yamo daftarini.

Kwa upande wa ufundi nitakuwa mfupi. Wenye magari matatu wameniomba niwakumbushe wanaofikiria kununua kwamba injini za zamani ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani kuanzia Januari 1, 1996, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya valvu. Kuna wanaonunua dawa ya kuongeza kwenye tangi, na kuna anayeiita dawa hiyo maji ya bei ghali. Maoni yangu ni kwamba gari linaloendeshwa Jumapili tu halitachakaza valvu zake katika maisha yetu sisi. La kuogopa zaidi ni ethanoli asilimia 10 iliyomo kwenye petroli ya leo, ambayo hunyonya unyevu na kulainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta. Badilisheni mipira hiyo kwanza, na msiache kabureta ikilala na mafuta ndani kipindi chote cha baridi.

Mwaka huu tumempoteza mwenzetu mmoja, aliyekuwa na Oldsmobile Cutlass ya mwaka 1976, mwaka ambao Cutlass ilikuwa gari lililouzwa zaidi ya yote Marekani. Alizoea kututania kwamba yeye peke yake ndiye aliyenunua kile walichonunua wenyeji. Familia yake imetukabidhi funguo, kwa kuwa gari lenyewe lilikwisha kuuzwa tangu 1991. Mungu amrehemu.

Hoja iliyo mbele ya mkutano inataka kifungu cha uanachama kisomeke kwamba mwanachama ni mtu mwenye gari lililotengenezwa Marekani au aliyewahi kuwa nalo, na ambaye simulizi lake limeandikwa daftarini. Wanaoipinga wanasema chama cha magari kisicho na magari ni kama jahazi lililobaki tanga. Hoja yao ina uzito, nami niliwahi kuisema mwenyewe nilipokuwa na Dart. Lakini kifungu kikibaki kilivyo, mzee wa Studebaker si mwanachama, wala yule wa benchi na shangazi, na kijana aliyenunua Dart yangu, ambaye hajui hata boneti inafunguliwaje, anastahili kuingia kesho asubuhi.

Kwa kuwa nina maslahi, kikao cha kura kitaongozwa na makamu mwenyekiti, na kura zitakuwa za siri. Kila mjumbe aje na karatasi yoyote aliyonayo ya gari lake la zamani, hata risiti ya tairi, ili katibu aipige picha. Wakati kura zinahesabiwa nitakuwa nje kwenye maegesho, na wenye magari matatu wameniahidi kutofunga milango.