Wilson alivyozunguka na treni

Mhariri, naomba kanafasi. Watu wanapenda kusema rais wa Marekani akitaka kitu anapata tu, sasa mimi nawaambia someni habari za Woodrow Wilson. Septemba 1919 jamaa alipanda treni Washington DC, mji mkuu, akaenda kuzunguka majimbo ya magharibi, Montana, Washington, Oregon, California huko, anawaomba wananchi waibane Seneti ipitishe mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na Shirikisho la Mataifa, yaani umoja wa nchi za dunia wa kulinda amani. Daktari wake Grayson alishamkataza, kichwa kilikuwa kinamuuma balaa na enzi hizo spika ndo kwanza zinaanza, so karibu kote anahutubia kwa koo lake tu, ila San Diego walimtengenezea kibanda cha vioo na vipaza sauti maana uwanja ulijaa maelfu ya watu. Huku maseneta wapinzani kina Borah na Johnson nao wanazunguka kumjibu! Tarehe 25 akaongea Pueblo, Colorado, usiku ule hali ikawa mbaya, safari ikafutwa, treni ikageuza moja kwa moja nyumbani, na tarehe 2 Oktoba akapigwa kiharusi upande wa kushoto. Novemba Seneti ikaukataa mkataba.

Kinachonishangaza, mkataba huohuo ndo uliofanya Tanganyika ikabidhiwe kwa Mwingereza na Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, chini ya shirikisho ambalo Marekani wenyewe hawakuwahi kujiunga. Mbona shuleni hii hatukuambiwa?

Msomaji wako, Morogoro